Teknolojia ianzie mkononi mwa mwalimu, si mfukoni mwa mzazi

Ukipita jioni kwenye vibanda vya kuchajia simu hapa Kavimvira, mjini Uvira, kando ya barabara inayokwenda mpaka wa Burundi, utawakuta watoto wenye sare za buluu na nyeupe wameinamia simu ambayo si yao. Hawatazami filamu wala mchezo. Wananakili kazi ya nyumbani. Mwalimu ameituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mzazi wa mmoja wao ana simu inayoingia intaneti, na wenzake wanne au watano wamekuja na kaye zao, yaani madaftari, ili wanakili maswali kabla mwenye simu hajaitaka. Giza likianza kuingia, wasichana ndio wa kwanza kuondoka, maana mama zao hawataki wabaki barabarani. Wengi huondoka na nusu ya maswali.

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno hata siwezi tena kuliita bahati mbaya ya siku moja. Na kwa kuwa nasomea ualimu, na muda si mrefu nitasimama mbele ya ubao nikiwa na darasa langu mwenyewe, limenilazimisha kuamua nitakuwa mwalimu wa namna gani. Msimamo wangu ni huu: teknolojia ina nafasi katika madarasa ya Uvira, tena nafasi kubwa kuliko wanavyodhani walimu wetu wazee, lakini iingie kupitia mkono wa mwalimu. Ikiingia kupitia mfuko wa mzazi, itawatenga watoto wa maskini kimyakimya, na hakuna atakayelalamika kwa sababu hakuna atakayekuwa amewafukuza.

Nyumba moja, simu moja

Hebu tuingie katika nyumba ya kawaida ya mtaa huu. Baba anaendesha pikipiki ya abiria kati ya mpaka na katikati ya mji. Mama ananunua ndagala alfajiri mitumbwi inaporudi, anazianika na kuziuza kwa bakuli. Simu ni moja, nayo ni chombo cha kazi. Ndani yake mna pesa za M-Pesa au Airtel Money, mna namba za wateja, mna habari za barabara ipi ina usalama leo. Inatoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku ikiwa haina chaji. Mtoto wa mwaka wa tano ataishika saa ngapi? Akiishika, mega za intaneti za kufungulia picha ya maswali atazipata wapi? Hapo mama anapima, na kipimo chake si cha ualimu: anunue mega au anunue sabuni?

Elimu ya msingi bila malipo imeandikwa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43. Ilingoja hadi Septemba 2019 ndipo serikali ya Rais Félix Tshisekedi ikaanza kuitekeleza, na mamilioni ya watoto wakaingia au wakarudi darasani. Kabla ya hapo mzazi alikuwa akibeba mzigo wa shule, ikiwemo ile prime ya kumlisha mwalimu ambaye serikali haikumlipa. Wazazi walishukuru mzigo huo ulipotua. Sasa tunawarudishia kidogo kidogo kwa njia ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote. Kazi ya nyumbani inayohitaji mega ni ada. Vilevile muhtasari wa somo unaotumwa kwa simu pekee, ambao lazima mtoto akauchapishe kwenye kibanda cha fotokopi, ni ada.

Wala wananchi hawajasahau kodi ya RAM. Kuanzia Septemba 2020 wenye simu walikatwa unite zao, yaani salio, bila kuulizwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya kupiga na kupokea, dola 7 kwa simu ya intaneti, mpaka serikali ilipoifuta mwanzoni mwa 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima. Watu waliozitazama unite zao zikiyeyuka kwa namna hiyo wanajua vizuri maana ya gharama inayoingia nyumbani bila kubisha hodi. Mwalimu anayefungua kundi la WhatsApp na kulifanya mlango wa darasa lake afikirie hilo kwanza.

Najua atakayenijibu: walimu nao ni maskini, na kundi la WhatsApp linawarahisishia kazi. Ni kweli. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani, wawili watatu wakigawana kitabu kimoja, akiona njia ya kufikisha maswali bila kuyaandika yote ubaoni huku chaki ikimwisha, ataifuata. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba wale themanini hawamo wote katika kundi lile, na wasiomo ndio waliohitaji zaidi kazi ile ya nyumbani.

Kompyuta ya chaki

Kwa upande mwingine tuna kichekesho ambacho hakimchekeshi mtu. Katika mtaala mpya wa sayansi wa mwaka wa saba na wa nane, teknolojia ya habari na mawasiliano ni somo, lenye vipindi, mtihani na pointi. Wazo ni zuri na wakati wake umefika. Lakini shule nyingi za huku hazina kompyuta hata moja. Basi mwalimu anachora kibodi ubaoni, herufi kwa herufi, watoto wanaichora kwenye kaye, wanakariri sehemu za kompyuta kama wanavyokariri mito ya Kongo, na mwisho wa muhula wanapata pointi nane kwa kumi kwa kutaja majina ya kitu ambacho hawajawahi kukigusa.

Mwalimu huyo anafanya alichoweza, na anastahili heshima. Lakini tukubali kwamba kumfundisha mtoto kompyuta kwa chaki ni kumfundisha kuogelea akiwa amekaa kwenye kochi. Siku atakapoketi mbele ya mashine halisi, katika chuo au ofisi ya kuomba kazi, ataanza sifuri pamoja na pointi zake nane.

Tatizo kubwa ni umeme, na hili linauma zaidi kwetu kuliko kwa watu wa mbali. Mto Ruzizi unaomwaga maji katika ziwa Tanganyika hapa karibu na Kavimvira ndio huohuo unaozungusha mitambo kule juu: Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989. Umeme wa mto wetu unawasha taa katika nchi tatu. Wakati huohuo, Kongo nzima, ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme, na hapa mjini waliounganishwa wanajua kulala gizani siku kwa siku. Je, ni busara kupanga elimu ya watoto wetu kana kwamba waya hautakatika?

Ndiyo maana sifurahii sana hotuba za shule ya kidijitali zinazotoka Kinshasa, hata zikisomwa na watu wenye nia njema. Ninachokitaka ni kidogo, nami nakitaka kwa nguvu zote: kila mwalimu apate kifaa kimoja kinachohifadhi masomo bila intaneti, spika moja inayosikika hadi dawati la mwisho, na bamba dogo la sola la kuvichaji. Bei ya vitu hivyo vitatu inajulikana kwa kila muuza duka wa barabara ya Bujumbura. Si bei ya kumtisha mkuu wa shule anayeungwa mkono na kamati yake, na ni ndogo sana kwa serikali.

Walichojifunza majirani

Tuna bahati ya kuwa na majirani waliotangulia. Mwaka 2013 viongozi wa Kenya waliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta ndogo. Zabuni zikavutana, ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, na kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi. Kuna faida iliyobaki: shule nyingi zilipata umeme kwa sababu ya mpango ule. Lakini kwingi vishikwambi viliishia kabatini. Mwalimu mkuu aliogopa viibiwe naye aulizwe. Mwalimu wa darasa hakuwa amefundishwa vya kutosha jinsi ya kuviingiza katika somo la siku. Kifaa kikaharibika, fundi hakuja. Walianza na mtoto, na mwalimu akafuata nyuma akihema.

Tanzania ilishika njia nyingine. Baada ya sensa ya Agosti 2022, serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viende kwa walimu, vikaongezwa vingine, na jumla ikakaribia laki tatu. Hata huko yapo malalamiko, kwa kuwa kishikwambi bila maudhui na bila mafunzo ni kioo tu. Ila mpangilio wake naukubali: chombo kimetua mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kuandaa somo, na mama wa mtoto hakuchangishwa kitu.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu, ng'ambo ya mpaka, nao ni wa watu wetu. Mwanzoni mwa 2014, wakimbizi wa Kikongo katika kambi za Kavumu na Bwagiriza nchini Burundi walikuwa wa kwanza kupokea Ideas Box, maktaba inayosafiri iliyotengenezwa na shirika la Kifaransa Bibliothèques Sans Frontières. Masanduku yanafunguliwa na kugeuka kuwa chumba cha kusomea chenye vitabu vya karatasi, vishikwambi, kompyuta, filamu na michezo, na maudhui yake yamehifadhiwa humohumo hivyo intaneti ikikosekana kazi inaendelea. Watoto wa Kivu, waliokimbia bila kitabu, walipata maktaba kambini ambayo wengi wa wenzao waliobaki nyumbani hawajaiona mpaka leo. Je, ilikuwa lazima kwanza wawe wakimbizi?

Halafu kuna Zanzibar. Katikati ya miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ya kule, pamoja na washirika wake, ilianzisha vipindi vya sauti vya watoto wadogo vinavyoitwa Tucheze Tujifunze. Ufundi wake ni wa zamani. Miaka ya 1970 Nicaragua ilifundisha hesabu kwa redio kwa namna hiyo. Sauti inauliza swali, kisha inanyamaza. Katika ule ukimya watoto wanajibu kwa pamoja, au wanahesabu vijiti, au wanaruka mara tatu, au mwalimu anamwita mmoja mbele. Kisha sauti inaendelea na kutoa jibu. Mwalimu hakai pembeni. Yeye ndiye anayeona nani alijibu na nani alifungua mdomo tu. Hakuna skrini. Mtoto wa nyuma kabisa anasikia sawa na wa mbele. Kwa madarasa yetu ya watoto wengi, sijaona ufundi unaofaa kuliko huu.

Hata UNESCO, katika ripoti yake kubwa ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia na elimu, ilizitahadharisha serikali kwamba kifaa kipimwe kwa kile mtoto anachojifunza, na kisishike nafasi ya uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi. Sweden, nchi tajiri yenye intaneti kila pembe, mwaka huohuo ilianza kutenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Kwa hiyo anayetuambia kwamba tumechelewa na kwamba lazima tukimbilie skrini, amwangalie kwanza aliyetangulia anaelekea wapi.

Mtoto asikie Kifaransa kinachosemwa

Hapa ndipo naona kazi kubwa zaidi ya spika ile ninayoililia. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka mtoto aanze masomo kwa lugha ya taifa ya eneo lake, na huku Kivu lugha hiyo ni Kiswahili. Miaka ya kwanza miwili mtoto anasoma kwa lugha anayoiota. Baada ya hapo Kifaransa kinachukua kiti. Anayekifundisha ni mwalimu ambaye mara nyingi alikijifunza kutoka kwa mwalimu mwingine aliyekijifunza kwa taabu, naye hakisemi akitoka nje ya lango la shule. Sisi wanafunzi wa ualimu tunalijua hili, maana ni la kwetu wenyewe. Tunaandika Kifaransa vizuri kuliko tunavyokisema.

Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo, kati ya watoto 100 wenye umri wa miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Takwimu kama hiyo ingepaswa kusimamisha nchi. Haina sababu moja. Zipo njaa, vita, mishahara, vitabu. Lakini daraja lile la kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa limevunjika, na watoto wengi wanazama hapo mwaka wa tatu na wa nne. Wanatamka maneno bila kuyaelewa, na wakubwa wanadhani wanasoma.

Sasa fikiria rekodi fupi: hadithi ya dakika tano, kwanza kwa Kiswahili cha hapahapa, kisha ileile kwa Kifaransa cha taratibu kinachosomwa na mtu anayekimudu, chenye vituo vya watoto kurudia. Inakaa kwenye kadi ndogo ya simu. Inachezwa leo, kesho, na keshokutwa. Mwalimu anasimamisha, anaeleza, anaendelea. Redio zetu zina watu wa kuzirekodi. Radio Okapi iliwahi kutangaza masomo shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020, na Radio Maendeleo ya Bukavu ilianza kuzungumza na wananchi wa jimbo hili tangu 1993. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni wizara na wakaguzi kuketi na watu hao na kuamua kwamba sauti nayo ni kitabu cha shule.

Ziwa letu likae katika masomo yetu

Hatari nyingine iko upande wetu sisi walimu vijana. Ni rahisi sana leo kupakua somo lililokamilika. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, ni rahisi zaidi: unaandika mstari mmoja, unapata fishi ya maandalio yenye malengo, hatua na maswali, yote kwa Kifaransa kilichonyooka. Nimeona maandalio ya wenzangu wa staji, yaani mazoezi ya kufundisha, yenye misimu minne na theluji, yenye mtoto anayepanda treni ya chini ya ardhi kwenda shule. Somo limepangwa vizuri na halimhusu mtu yeyote aliyemo darasani. Mkaguzi akisaini, mwalimu anaamini amefanya kazi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Somo zuri linaundwa na mtu anayewajua watoto atakaowafundisha. Chukua somo la jiografia la mwaka wa tano. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika, yaani huku kwetu, kwa ajili ya swali moja lililokuwa likigombanisha wasomi wa Ulaya: Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Wakauona unaingia. Wavuvi wa hapa hawakuhitaji msafara kulijua hilo. Mtoto wa Kavimvira naye analijua, au anaweza kulijua Jumamosi moja kwa kwenda kutazama na mkubwa wake.

Nikiwa na simu yangu yenye picha ya setelaiti niliyoihifadhi mapema, nitawaonyesha maji ya kahawia ya Ruzizi yanavyojichora ndani ya bluu ya ziwa. Watapita vikundi kwa vikundi mbele ya meza. Kisha nitawauliza: ikiwa maji yanaingia hapa na kwingine kwingi, yanatokea wapi? Watakisia. Nitawaonyesha mto Lukuga kule Kalemie, njia pekee ya ziwa hili kutoa maji yake kuelekea mto Kongo. Hapo ndipo swali lao wenyewe litakapokuja, nami nitalingoja: kwa nini ziwa lilipanda hadi likaingia nyumba za Kilibula na bandari ya Kalundu? Sasa wana sababu ya kusoma. Wana hesabu za kupiga, wana babu wa kumuuliza alipokuwa mdogo maji yalifika wapi, wana insha ya kuandika. Simu imetumika dakika chache tu katika somo zima, na bila simu hiyo picha ile isingepatikana.

Akili bandia pia nitaitumia, sitaki kujifanya mtakatifu wa chaki. Inisahihishie Kifaransa changu, inipe maswali kumi nichague matatu, inieleze jambo la fizikia nililolisahau. Lakini haijawahi kuona maji ya mto wetu Mulongwe yakishuka na mawe. Kazi hiyo ni yangu.

Maji na vita

Kuna jambo la huku ambalo mpangaji wa mbali halifikirii. Shule zilifungwa nchi nzima Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili, mito ikaushukia mji wa Uvira, ikaua watu, ikabomoa maelfu ya nyumba. Watoto waliokuwa wakifuata masomo ya redio walipoteza redio, waliokuwa na vitabu walipoteza vitabu. Kisha vita. Goma ilianguka mikononi mwa waasi Januari 2025, Bukavu Februari, Uvira ikawa makao ya muda ya serikali ya jimbo, na Desemba mwaka huohuo mapigano yakafika mjini kwetu. Maelfu walivuka kuingia Burundi. Walibeba watoto mgongoni na godoro kichwani. Nani angebeba maktaba ya shule?

Mwalimu aliyekimbia na kadi ndogo ya kuhifadhia masomo ndani ya mfuko wa shati amekimbia na shule yake. Akifika mahali, akapata spika ya kuazima na kivuli cha mti, anaweza kuanza siku ya tatu. Naandika haya kwa uzito, kwa kuwa katika ukanda huu mtoto anaweza kuhama mara mbili kabla ya kumaliza mwaka wa sita, na kila akihama anapoteza miezi. Serikali na mashirika wakitumia fedha kwa vyumba vya kompyuta vilivyofungwa kwa nondo na kusahau kitu kinachoweza kuhama na mwalimu, watakuwa hawajatazama mto, mpaka wala historia ya mahali hapa.

Na vidole vya mtoto?

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Mtu atasema: ukimpa mwalimu kifaa na mtoto asiguse kitu, unamlea mtazamaji, na kibodi ya chaki itabaki palepale. Nakubali kwamba mtoto wa mwaka wa saba anapaswa kugusa mashine. Lakini kugusa hakuhitaji mashine kwa kila mtoto. Kompyuta tatu au nne zilizokwisha tumika mahali pengine, zenye sola, zikiwekwa mahali ambapo mwalimu ana ufunguo na ratiba, zinatosha kwa kila kikundi kupata zamu yake kila wiki. Ratiba hiyo iandikwe kwa majina, na wasichana wahesabiwe, kwa sababu zamu isipoandikwa wavulana huizunguka mashine na wasichana husimama nyuma wakitazama mabega. Mashine zikae shuleni. Zamu zifanyike saa za masomo, kabla ya giza.

Simu za wanafunzi wenyewe, nadhani zibaki nyumbani. Najua watahiniwa wa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wanapokea matokeo yao kwa simu, na hilo limewapunguzia wazazi safari na wasiwasi. Lakini kila mwaka tunasikia pia za majibu yanayozunguka kwenye simu kabla karatasi haijafunguliwa, mengine ya uongo yanayouzwa kwa watoto waliokata tamaa. Mwalimu hawezi kushindana na skrini themanini.

Tusidanganyane kuhusu mishahara. Septemba 2024 walimu wengi wa shule za umma walianza mwaka kwa mgomo, na wapo wanaofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Kumpa mtu huyo kishikwambi huku watoto wake mwenyewe hawajala ni kumtukana. Kifaa kije pamoja na mshahara, kisije badala yake. Na kije na mafunzo tukiwa bado vyuoni. Mpaka sasa tunajifunza jinsi ya kufundisha kwa kuandika mihtasari mirefu kwa mkono, na siku tunayoajiriwa ndiyo siku tunayoanza kujiuliza spika inawekwa upande gani wa darasa lenye madirisha wazi.

Kwa hiyo nina maombi matatu ya kuyafikisha kabla ya Septemba. Kwenu wazazi wa kamati za shule: mkutano wa kwanza ukifika, mwulizeni direkta ni kazi gani ya nyumbani inayohitaji simu, kisha mkatae mtoto yeyote apunguziwe pointi kwa kukosa mega. Kwenu wakuu wa shule na wakaguzi: fedha kidogo zikipatikana, nunueni spika na sola kabla ya kununua kompyuta ya ofisi. Na kwenu wenzangu tunaomaliza staji: maswali ya kesho yaandikeni ubaoni, hata kama chaki ni fupi, kisha mngojeni mtoto wa mwisho amalize kunakili.